Tundu la Bure kwenye Kisu cha Mwezi

Vijana wa karakana ya Mwankoko mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili atakayeingia baada yenu asidhani visu hivi viliota vyenyewe kama uyoga wa masika. Nimekubali upesi. Kwanza, nimestaafu na mchana umekuwa mrefu. Pili, hakuna mtu mwingine anayeweza kuieleza habari hii vizuri kama mimi. Vyeo nilivyopewa na nilicholipwa nitaviacha, maana havikati kitu. Nitaandika habari za visu, na za watu wawili walionifundisha: mmoja kabla sijajua lolote, mwingine baada ya kuamini kwamba najua yote.

Nilizaliwa Ilongero, mkoani Singida. Nilisoma mpaka nikapata stashahada ya ufundi mitambo, nayo ipo ukutani pale ofisini, ndani ya fremu niliyoichomelea mwenyewe. Kwa mtu aliyekua akichunga ng'ombe hilo si jambo dogo, na sioni sababu ya kujifanya ni dogo. Kwa stashahada hiyo nilipata kazi katika kiwanda cha visu na majembe Dar es Salaam, na siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe. Wenzangu walilitazama shati wakatabasamu. Kufikia mchana lilikuwa na matundu madogo ya cheche kifuani kote, na sikulivaa tena ila nyumbani.

Fundi mkuu wa chumba cha kunolea alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa pwani, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Singida, akasema, "Aa, kwa kuku." Tangu saa ile nikawa Bwana Kuku, stashahada yangu yote ikiwa mfukoni.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilinishangaza. Alinikabidhi kisu cha bucha kilichotoka nje ya nchi, kilichonunuliwa dukani kama wewe unavyonunua sabuni, akaniambia nikichore ili kiwanda kitengeneze cha kwake. Nikamuuliza kama hilo linaruhusiwa. Akanieleza kwamba visu vya kwanza vya kiwanda kile vyote vilizaliwa hivyo, na kwamba hao wa nje nao waliwatazama wengine. Basi nikapima kila upande, nikachora mchoro safi kabisa. Michoro yangu ilisifiwa hata chuoni.

Mzee Mbwana aliutazama mchoro, akaweka kidole karibu na mpini. "Hapa kwa nini pamepinda?"

"Kwa sababu na kwenye kisu pamepinda, mzee."

"Hilo hata kuku wenu angeliona," akasema, akanirudishia kisu. Akanipeleka kwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, akamwomba mwenye bucha anipe kazi. Nikakata nyama mpaka mabega yakafa ganzi. Ndipo nikajua kwamba mpini ule umeinuliwa kidogo ili vidole visigonge ubao kila unapokandamiza. Niliporudi na jibu hilo, alinipa karatasi mpya nikachora upya. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi: huigi kitu mpaka ueleze sababu ya kila pindo lake, na pindo usiloweza kulieleza hulichori. Nimewafundisha wengi sheria hiyo kama yangu, lakini ni ya kwake.

Alinifundisha pia kusoma cheche, kama nilivyowafundisha ninyi. Ukigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea, cheche ndefu nyekundu zinazokwenda moja kwa moja ni za chuma laini, kifanye bawaba. Zikipasuka mbele na kutawanyika kama maua, hicho ni chuma cha kushika makali. Wapo mafundi wenye mashine za kupimia jambo hilo. Mimi nina macho, na hayajawahi kuniangusha.

Niliacha kazi kiwanda kilipoanza kuleta visu vilivyokwisha kutengenezwa mbali na kuvigonga muhuri tu. Kazi yangu ilikuwa imebaki kufungua maboksi. Nikarudi nyumbani. Watu wa Ilongero waliotegemea kwamba aliyetoka Dar atashuka na gari, waliniona nashuka na mashine ya kunolea imefungwa juu ya basi. Walinionea huruma. Leo baadhi yao huwaambia wageni kwamba walijua tangu mwanzo.

Karakana ya Mwankoko, nje kidogo ya Singida mjini, niliijenga kwa mikono yangu. Chuma kilikuwa springi chakavu za malori. Mafuta ya kuzimia chuma yalikuwa mashapo ya alizeti kutoka kwa wakamuaji, ndiyo maana mpaka leo wapita njia hunusa na kuuliza kama tunauza maandazi. Na kisu cha kwanza nilichokibuni, si kuiga, kilikuwa kisu cha kuvunia uwele. Niliwaona kina mama wakikata masuke kwa vipande vya panga vilivyovunjika, jioni wakikandana viganja. Nikatengeneza bapa fupi lenye kuinama kidogo, likakata kwa kuvuta badala ya kusokota, na kwenye mpini nikaweka pete ya kidole ili kisichomoke mkono ukilowa jasho.

Sasa nifike kwenye mwezi, maana ndio mnaoulizwa kila siku.

Springi ya lori ina tundu katikati, linapopita senta bolti, ile inayobana mapande yake pamoja. Nilipokata kile cha kwanza, tundu lile liliangukia kwenye shina la bapa. Kutupa kipande kizima kungekuwa uharibifu, nikakata nikipita katikati ya tundu. Nusu ikabaki kwenye kisu, umbo la mwezi mchanga. Kisu kile kikawa kielelezo cha vingine vyote, na fundi niliyemwajiri, mtu mwaminifu mno, alitoboa tundu hata kwenye vipande visivyokuwa nalo ili vifanane. Nilipotaka kumzuia, nilikuta sokoni watu wamekwisha kukibatiza. Walisema, "Nipe cha mwezi." Warina asali walidai mwezi ni wa kukatia waya wa mzinga. Wauza kuku wa stendi walisema ni wa kushikia mfupa wa paja. Bibi mmoja aliapa kwamba unazuia kutu. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, kama mvumbuzi.

Kisu kilipoenea mpaka wilaya za Iramba na Mkalama, nikaamua kukiombea hataza, ile haki ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe. Niliandika maombi mwenyewe, na yaliandikwa vizuri. Yakakataliwa. Wakili wangu, kijana mtulivu mwenye ofisi mjini, akanieleza kwamba hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kwamba wakaguzi wanasema pete ya kidole kwenye kisu cha nafaka ni ujuzi wa siku nyingi wa watu wa huku. Nikamwambia mimi ndiye mtu wa huku na sijawahi kuiona. Akaniambia nilete mzee wa kuthibitisha.

Nikaenda Ilongero kwa shangazi yangu, mtu mzima kuliko wote waliobaki katika ukoo wetu. Nikamwamkia, nikamweka kisu changu mkononi, nikamwomba aseme kama zamani kulikuwa na kitu kama hicho. Akaingiza kidole kwenye pete, akakigeuza. Kisha akanyoosha mkono kwenye paa juu ya mlango, akachomoa kikisu chembamba kilicholiwa na miaka. Kilikuwa na pete.

"Cha mama yangu," akasema. "Sasa wewe umegundua nini, mwanangu?"

Nikamweleza habari ya pembe ya bapa, jinsi linavyokata kwa kuvuta. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Akasema chuma changu ni kizuri. Kisha akaniuliza kama nitamwachia.

Niliporudi kwa wakili na habari hiyo, hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Aliniuliza ule mwezi unafanya kazi gani. Alikuwa mtu wa kwanza ninayemlipa kuniuliza, nikaona si busara kumdanganya. Nikamwambia haufanyi kazi yoyote. Macho yake yakang'aa. Akanieleza kwamba kitu chenye kazi, kama pete, huwezi kukizuia wengine wasikitumie kwa kukiita alama yako. Lakini kitu kisicho na kazi, ambacho watu wakikiona wanajua kimetoka kwako, hicho kinaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Basi akili yangu yote iliyomo kwenye kisu kile haikupata ulinzi, na tundu la senta bolti likapata cheti cha serikali. Nilikiweka kwenye fremu, chini ya stashahada.

Hakikukaa muda mrefu kabla ya kuhitajiwa. Malalamiko yalianza minadani. Visu vya mwezi vimelegea, watu walisema, vinapinda kama kijiko cha bati. Mkulima mmoja alinirushia kimoja juu ya meza mbele ya wateja. Nikakigusisha kwenye jiwe: cheche ndefu, nyekundu, za bawaba. Hakikuwa changu. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa ameviagiza kwa wingi kutoka nje, na walioviiga kule walikuwa wameiga kila kitu isipokuwa chuma. Mwezi walikuwa wameuchonga vizuri kuliko mimi.

Katika kuwinda vile laini, nikakuta na vingine vyenye mwezi, navyo si vyangu. Hivi vilikuwa vigumu. Nilikibana kimoja kwenye jiliwa nikakivuta mpaka mshipa wa shingo ukanisimama. Kikainama, nilipokiachia kikarudi kimenyooka. Wauzaji walisema vinatoka Ulemo, kule Iramba, kwa mama mmoja anaitwa Gaudensia.

Wakili akanipa shauri lake waziwazi. Yule wa mjini ataonywa kwa maandishi, na ataacha, maana yeye leo anauza visu na kesho vioo. Lakini wa Ulemo naye lazima aache. Nikimvumilia mmoja atumie mwezi bila ruhusa, yeyote atakayeleta visu laini tena atasema mwezi ni wa watu wote, nami sitakuwa na la kujibu. Jina la kisu litakufa, na karakana itakufa nalo. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka maboksi yaliyorudishwa yakiwa yamepangwa mpaka mlangoni. Nikamwambia wakili kwamba Ulemo nitakwenda mwenyewe. Nilitaka kuuona uso wa mtu ambaye kisu chake kimenishinda kukipinda.

Nilikwenda na cheti, nakala iliyopigwa muhuri, ndani ya bahasha. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, na moshi ulinipa njia. Sasa, mafundi wa kule wana desturi yao: anayeingia kibandani chuma kikiwa motoni hasalimiwi kwa mkono, hushika kazi. Niliisikia zamani nikadhani ni mambo ya wazee. Gaudensia alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, khanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya ovaroli. Mwenzake alikuwa amekwenda kufuata mkaa.

"Shikamoo baba," akasema bila kugeuza macho kutoka kwenye moto. "Shika mivukuto."

"Marahaba. Mimi ni—"

"Nakujua. Wewe ndiye mwenye mwezi. Nilidhani utakuja na askari."

"Nimekuja na cheti."

"Cheti hakipulizi moto, baba. Vuta."

Nikavuta. Mtu mzima, na shati la kwendea ofisini, na bahasha kwapani. Chuma kilipofika rangi aliyoitaka, alikitoa akakizamisha kwenye mafuta ya alizeti, na ile harufu yetu ya maandazi ikajaa kibanda. Kisha akakisugua kikang'aa, akakirudisha karibu na makaa ili kisibaki kigumu cha kuvunjika, akikigeuza polepole mpaka kikapata rangi ya mabua makavu ya uwele, wala si zaidi, akakiondoa. Nimeona watu wenye vyeti vikubwa kuliko changu, nao si wengi, wakikosea mahali hapo. Yeye hakubahatisha. Nilimuuliza kajifunza wapi. Akasema baba yake alikuwa fundi wa magari, naye akasoma uchomeleaji chuoni, na mengine aliyasoma kwenye kisu changu alichokikata vipandevipande.

Hapo nikamkumbuka Mzee Mbwana. Nikachukua kisu kilichokwisha kumalizika, nikaweka kidole kwenye pete. "Hapa kwa nini pamepinda? Yangu imenyooka."

Akaniangalia kama vile alikuwa akilingoja swali hilo. "Uwele wetu ni mrefu kuliko mtu. Mama anavuta bua chini kwa kushoto, anakata kwa kulia, kiganja kikitazama juu. Pete iliyonyooka inamla kidole. Baba, usikasirike, lakini kisu chako kilitengenezwa na mtu aliyekaa kwenye kiti."

Sikukasirika. Nilisema tu kwamba kiti chenyewe nilikitengeneza mimi. Nikamuuliza kwa nini amepunguza mgongo wa bapa. Uzito, akasema, na akanishauri nivune tangu asubuhi mpaka jua la utosi kabla ya kubisha. Kila pindo lilikuwa na sababu yake, na mengine yalikuwa ya kwake mwenyewe, hayakuwa kwenye kisu changu. Nikafika kwenye shina la bapa.

"Na mwezi?"

Alicheka mpaka akaweka koleo chini. "Huo wa bure. Hilo ni tundu la senta bolti. Mimi nimelala chini ya malori tangu utotoni, utanificha?"

"Sasa kwa nini unauchonga?"

"Nilipeleka visu visivyo na mwezi mnadani, nikarudi navyo vyote. Mama mmoja aliniambia nirudi nikishajifunza kazi."

Kwa miaka yote ile watu walikuwa wameniuliza kazi ya mwezi wakaondoka wameridhika. Huyu peke yake hakuwa na haja ya kuuliza. Nami nilifurahi, siwezi kuficha, kama mtu aliyekaa ugenini muda mrefu kisha akasikia lugha ya kwao inasemwa nyuma yake. Lakini bahasha ilikuwa bado kwapani. Nikamweleza alivyosema wakili, neno kwa neno: kwamba akiendelea hivi, vile visu laini vitarudi na hatutaweza kuvizuia.

Akafuta mikono kwenye khanga. "Nikiuacha mwezi, nafunga kibanda," akasema. "Na uwele wa watu utavunwa na yale mabati."

Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu kwenye mivukuto, lakini nilijipa muda, maana neno la ukarimu likitolewa haraka halionekani. Nikamwambia nitampa ruhusa ya maandishi atumie mwezi, ilimradi kila kisu kipite kwenye jiliwa kikunjwe na kurudi kabla hakijauzwa, kwake na kwangu. Na kwamba kuanzia msimu ujao Mwankoko nasi tutapinda pete kama yake.

"Haya, asante baba. Na pete yangu?"

"Pete yako imefanyaje?"

"Utaiiga bure?"

Mwenzake alikuwa amerudi na gunia la mkaa, akasimama mlangoni akisikiliza. Nilifungua mdomo niseme kwamba pete si yake, ni ya mama wa shangazi yangu, nikaona itanirudisha kwenye maneno ya wakaguzi. Isitoshe, alikuwa na haki. Nikampa mkono. Mwezi kwa pete, tukamaliza, na wakili baadaye akakuna kichwa akitafuta namna ya kuandika mapatano ya namna hiyo. Mfanyabiashara wa mjini aliondoa visu vyake, kama ilivyotabiriwa. Wauzaji walioturudishia maboksi walikuja wenyewe kuomba wapewe tena.

Yaliyofuata mnayajua, maana Gaudensia alipohamia Mwankoko ndiye aliyewafundisha wengi wenu, na ndiye anayewagombeza sasa. Mkisikia anauliza, "Hapa kwa nini pamepinda?" mjue swali hilo limesafiri kutoka pwani, likapitia kwangu. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba nilimpata kwa bahati. Haikuwa bahati. Wengine walikishika kisu kilekile wakaona cha kuiga tu. Mimi niliona fundi. Kutambua kipaji nako ni kipaji, na sijawahi kudai kwamba sina. Nilipostaafu, cheti cha mwezi nilikihamishia kwake. Pale kwenye ukuta wa ofisi pamebaki stashahada na fremu moja tupu, nami nimemwomba asiiondoe fremu, imechomelewa vizuri.

Juzi mke wangu alikuwa anakata kuku jikoni akaniita, akaniuliza hiki kisu ni changu au cha Gaudensia. Zamani ningejua kwa kukitupia jicho. Mwezi wangu ulitobolewa, wake ulichongwa kwa tupa. Nikakipeleka dirishani, nikakigeuza huku na huku, nikapitisha kidole kwenye pete. Nikakichukua hadi nje kwenye mashine yangu ya zamani, nikakigusisha kidogo. Cheche zikapasuka na kutawanyika kama maua, kama zangu, kama zake. Nikarudi ndani nikamwambia ni changu.

"Ehe," akasema, akarudi kwa kuku wake. "Kinakata kama cha kwake."